Rukaiya, Zafarani na Chupa Yangu ya Karafuu

Mjini hapa wapo wanaojisifu kwa majumba, wapo wanaojisifu kwa watoto walioko Maskati, na mimi najisifu kwa mikono ya mpwa wangu Rukaiya. Kaa kitako unisikilize, kisha uniambie nani kati yetu mwenye haki zaidi.

Naitwa Khatib. Nimefanya kazi katika shamba la serikali Kizimbani miaka thelathini na minane, kwenye mikarafuu na midalasini, mpaka pua yangu ikawa na elimu kuliko kichwa. Shule niliishia darasa la sita, lakini nifunge kitambaa leo, uniwekee majani kumi mbele ya pua, nitakutajia yote kumi, na nikuambie na lipi limechumwa jana. Wenye digrii zao wamejaribu wakashindwa. Hilo la pua liweke akilini, tutalirudia.

Nilipostaafu nilihamia kwa dada yangu, Bi Kazija, Mkunazini, na ndipo nilipoanza kuiona kazi ya mwanawe kwa karibu. Rukaiya ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kuwatunza paka na mbwa wa watu: kuwachana, kuwakata kucha, kuwasafisha masikio, kuwatoa viroboto na kupe, kuwasugua meno. Naam, meno. Nilicheka na mimi mara ya kwanza, kama unavyocheka wewe. Nikamwambia paka kajaaliwa ulimi, mswaki na kitana vimo humo humo mdomoni, sasa wewe unamsaidia nini? Alimchukua paka mzee wa jirani, akamgeuza mguu, akanionesha ukucha uliojikunja kama ndoana ukaingia kwenye nyama ya kidole. Paka yule alikuwa akichechemea mwezi mzima, na sisi sote barazani tukisema ni uzee. Akaukata ule ukucha, akasafisha kidonda, na baada ya siku mbili tatu paka yuko juu ya ukuta anawafukuza kunguru. Toka hapo nikaanza kutangaza kwamba kipaji hiki kimetoka upande wetu, upande wa mama. Baba yake, Mungu amrehemu, hayupo kunibishia.

Hebu umwone akifanya kazi. Anatandika kanga moja ya zamani, laini, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Anamweka paka katikati, anamviringisha kama mtoto mchanga, kinabaki kichwa tu. Kisha anautoa mguu mmoja, anakata kucha, anaurudisha ndani, anautoa wa pili. Paka mwenyewe anadhani kalazwa. Hamkamati kwa nguvu hata siku moja, wala hasemi naye kwa sauti. Mikononi mwa Rukaiya huoni mkwaruzo. Mimi ninayo minne, na yote ni ya paka mmoja, nitakuja kukueleza.

Kazi hiyo aliiokota Mbweni. Alikuwa akipiga deki katika zahanati ya wanyama ya bibi mmoja wa Kizungu, miaka mitano, tambara mkononi na macho mezani kwa daktari. Yule bibi akamwona, akamwachia ashike hiki na kile. Zahanati ilipofungwa na bibi akarudi kwao, wateja wakamtafuta Rukaiya, na wengi wao wana mbwa. Hapo dada yangu alinuna wiki mbili nzima. Rukaiya akampangia utaratibu: mbwa hawaji Mkunazini, yeye ndiye anayewafuata. Ana nguo zake za mbwa, ndoo yake ya mbwa, na kopo la udongo safi analotembea nalo mkobani. Akimaliza, palipoguswa na mate ya mbwa anapaosha maji saba, moja kati yake la udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kuondoa najisi, ndipo anapanda gari kurudi mjini. Wageni wenye mbwa mwanzo walidhani ile ni dawa ya ngozi. Mmoja aliomba auziwe kopo zima.

Shida yake ilikuwa pahala. Paka aliwahudumia uwani kwetu, na ua ule tunatumia nyumba nne. Manyoya yakipaa yanatua kwenye unga wa huyu, au kwenye shuka ya yule iliyoanikwa. Majirani walivumilia, kisha wakachoka kuvumilia, na mwenye nyumba akamwambia kwamba mwezi ukiisha mambo ya paka yahamie kwengine. Kwengine wapi? Vyumba vya chini vya Mji Mkongwe vyote vimeshageuka maduka ya vinyago na vikoi vya watalii.

Kilibaki kimoja. Bi Ulfat wa Kiponda, mjane, ana chumba cha chini chenye mlango wa njiani. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, na humo ndimo alimoshonea maisha yake yote. Tangu afariki, huu mwaka wa sita, chumba kimefungwa. Watu wa vinyago wamekitaka, mtu wa aiskrimu amekitaka, wote wamerudishwa na maneno matamu. Rukaiya naye alikiomba, akaambiwa angoje. Na huyu Bi Ulfat ana paka, Zafarani, dume kubwa la manjano lenye uso wa kadhi. Lilizaliwa chini ya cherehani ya marehemu. Kwa Bi Ulfat yule si paka, ni mtu wa nyumba.

Basi Bi Ulfat akaalikwa Pemba, arusi ya mjukuu, siku tisa. Akaja na Zafarani kikapuni, akamkabidhi Rukaiya mbele yangu, akasema, "Nkirudi nimkute kama nnavyomwacha. Hapo ndipo tutazungumza habari za ufunguo."

Rukaiya akaitikia, akakipokea kikapu kwa mikono miwili. Siku tatu alimlea paka yule kama amana ya ufalme. Asubuhi kumchana, tongotongo kumfuta kwa pamba, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba. Aliniambia fizi za Zafarani hazimpendezi, ni nyekundu mno, na kwamba Bi Ulfat akirudi atamshauri ampeleke kwa daktari.

Siku ya nne akaitwa Mbweni, mbwa watatu wa nyumba moja wamejaa kupe. Kabla hajatoka alinigeukia. "Mjomba, Zafarani keshakula, keshachanwa. Usimfanye kitu chochote."

Nikamwambia naam, na nilikuwa na nia hiyo hiyo.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu mwengine angelificha. Mimi nilikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu, ndogo kama kidole, haitoki mfukoni. Jino likiuma, karafuu. Goti, karafuu. Mbu, karafuu. Kule Kizimbani nimemtibu nayo hadi msimamizi wangu. Nimekaa uwani, namtazama Zafarani, naona anajikuna shingo. Namwangalia vizuri, kiroboto, mmoja, kwa macho yangu haya. Nikasema, Rukaiya atarudi akute mjomba wake naye fundi. Nikammiminia kisogoni, nikamsugua mgongo wote mpaka mkiani. Hapo ndipo nilipoipata ile mikwaruzo minne, na nilimlaumu kwa kukosa adabu.

Zafarani akaanza kujilamba. Kidogo mate yakamtoka, marefu, hayakatiki. Akasimama atembee, miguu ya mbele ikaenda kwake na ya nyuma ikaenda kwake. Akatapika chini ya mtungi. Nikamsogezea maji, hakuyataka. Nikajiambia karafuu inamtoa taka, lakini moyoni nilishaanza kuiangalia saa.

Rukaiya alirudi alasiri. Alinusa tangu uchochoroni, maana alipoingia aliuliza, bila ya haraka, "Nani kapika pilau?"

Hakuna aliyepika pilau. Akamwangalia paka, akauangalia mfuko wangu, na uso ukambadilika.

Hakunipigia kelele, na bora angenipigia. Aliuliza mambo mawili tu, kiasi gani na tangu saa ngapi. Akachukua sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, akamwosha paka, akasuuza, akanusa, akaanza upya. Mimi nilikaa nikihesabu, maana sikuruhusiwa kazi nyengine. Maji saba. Dada yangu alisema kumbe na mkono wa Khatib nao unahitaji udongo, na huo ndio mzaha pekee uliosikika siku ile. Kisogoni mafuta yalikataa kutoka, Rukaiya akachukua mkasi akanyoa manyoya yote ya pale. Akamkausha, akamviringisha kwenye kanga ile ile, tukatoka mbio hadi Darajani kutafuta teksi, yeye mbele na paka kifuani, mimi nyuma na chupa mkononi, kwa sababu aliniamrisha niibebe daktari aione.

Daktari wa mifugo, Dokta Haitham, ni kijana lakini ana subira. Alimtundikia paka dripu, akaifungua chupa, akanusa, akanieleza kwamba ini la mtu linaweza kuyavunja mafuta haya, la paka haliwezi. Kwake ni sumu, akiyalamba au yakimwingia kwa ngozi. Nikamwambia karafuu imewatibu babu zetu.

"Mzee wangu," akasema, "babu zetu hawakuwa paka."

Nikaisukuma chupa upande wake wa meza, nikamwachia. Weka tarehe, kwa sababu hilo halitokei kila mwaka.

Kisha akamfungua Zafarani mdomo, akamulika tochi, akamwita Rukaiya asogee. Fizi zilikuwa zimeungua, na kuungua kwenyewe hakukuwa kwa siku ile. Vipo vidonda vilivyopona na vyengine juu yake. Na damu alipoipima akasema ini limeanza kuchoka zamani. Mtu alikuwa akimpaka paka huyu mafuta haya haya mdomoni, kidogo kidogo, kwa miezi. Rukaiya akaniangalia. Sote wawili tulijua ni mtu gani, maana Bi Ulfat anaishi peke yake.

Zafarani alilazwa siku tatu. Rukaiya alikwenda kila siku kumlisha mchuzi wa samaki kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Siku ya tatu paka alisimama, akala mwenyewe, akamng'ata Dokta Haitham kidole. Rukaiya alirudi na habari ya kile kidole kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Likabaki la kumwambia Bi Ulfat. Mimi nilikuwa na mpango mzuri. Nikasema tuseme kala mjusi kafiri, kaumwa, kapona, na manyoya ya shingoni tumemnyoa kwa sababu ya joto. Nani atamuuliza mjusi? Dada yangu alikuwa na mpango wa busara kidogo kuliko wangu: la mafuta mgongoni tuliseme, lakini la fizi tulinyamazie. Bi Ulfat ni mtu mzima, mjane, na ndiye mwenye ufunguo. Humwambii mkubwa kama yule kwamba aliyemuumiza paka wake ni yeye mwenyewe.

Rukaiya alikuwa akisafisha kitana chake, anatoa manyoya jino kwa jino. "Nkinyamaza," akasema, "akirudi atampaka tena. Halafu hicho chumba nikifungulie paka gani?"

Hapo nikajua mpwa wangu kanipita. Nilikuwa najua tangu zamani, lakini siku ile nilikubali.

Bi Ulfat alirudi siku ya tisa na boti ya asubuhi. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja Mkunazini na mifuko yake, udi wa arusi bado uko nguoni. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yanatafuta. Zafarani akatoka ukumbini kwa hatua zake za kadhi, kakonda, kisogo ki wazi kama cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mwenye haraka. Bi Ulfat akamnyanyua, akamnusa.

Rukaiya hakumngoja aulize. Akamwambia paka kapakwa mafuta ya karafuu, kaugua, kalazwa siku tatu, na kwa kuwa aliachwa mkononi mwake, kosa ni lake.

Nikainuka. Nina aibu nyingi lakini si ya kumwacha mtoto wa dada yangu abebe mzigo wangu mbele yangu. "Bi Ulfat, mkono wenyewe ni huu. Mie ndiye niliyempaka, na yeye alinikataza."

Aliniangalia kwa macho ya mtu anayechagua neno zito kati ya mazito aliyonayo. Kabla hajalipata, Rukaiya akaendelea, sauti chini, "Na jengine, Bi Ulfat, unisamehe. Fizi zake zimeungua, na si kwa mjomba. Daktari anasema ni mafuta hayo hayo, ya muda mrefu."

Dada yangu akashika ungo akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Bi Ulfat alikaa kitako juu ya kigoda, paka mapajani, akamfungua mdomo, akazitazama fizi mwenyewe.

"Mdomo ulikuwa ukimnuka," akasema mwishowe. "Mume wangu akiumwa na jino nilimpaka hayo hayo, akipata usingizi." Akamfunika Zafarani kisogo kwa kiganja. "Kila Ijumaa, mie mwenyewe."

Akamtia paka kikapuni, akaondoka. Habari za ufunguo hakuzitaja, na Rukaiya hakuuliza.

Siku mbili zikapita. Mwezi ulibakisha siku nne. Rukaiya akaanza kuwaambia wateja wake wa paka kwamba huenda akaacha, abaki na mbwa wa Mbweni tu, na alilisema kwa uso mkavu kama mtu anayetoa bei ya tungule. Mimi barazani sikwenda. Ukiniona mimi siendi barazani ujue pana msiba.

Siku ya tatu likaja neno kutoka Kiponda. Rukaiya aje na mswaki wake, Zafarani anataka kusuguliwa meno. Basi, hilo tu. Nikambebea mkoba hadi mlangoni, nikijitia nimepita njia.

Tulipofika, mlango uliokuwa wazi haukuwa wa ngazini. Ulikuwa wa chini. Bi Ulfat amesimama kizingitini, na alichoniambia kwanza ni, "Khatib, toa vilivyomo mfukoni." Nikatoa tasbihi, leso, na peremende mbili. Chupa nilishaiacha kwa daktari, lakini alinikagua mpaka mfuko wa kifuani. Ndipo akatupisha.

"Juu kiza," akasema. "Humu mna mwanga."

Chumba kimefagiwa upya. Cherehani iko pembeni imefunikwa shuka nyeupe, na katikati iko meza ndefu ya kukatia nguo, chaki ya fundi bado imelala ukingoni. Zafarani akaenda akazunguka chini ya cherehani, akanusa, akarudi. Rukaiya akatandika kanga yake juu ya meza, akamviringisha, akamsugua kwa mswaki laini wa mtoto na dawa aliyotoa daktari, jino moja moja, bila kuzigusa sehemu zilizoungua. Bi Ulfat alikuwa akitazama kwa karibu, pumzi kaibana. Akauliza kama na yeye anaweza. Rukaiya akampa mswaki, akauweka mkono wake juu ya mkono wa yule mtu mzima, wakasugua pamoja, polepole, na kadhi wetu akafumba macho. Mimi niliangalia nje, njia ilikuwa na vumbi jingi siku ile.

Walipomaliza, Rukaiya akaanza kuikung'uta kanga aikunje.

"Iache hapo hapo mezani," akasema Bi Ulfat. "Kesho utaitaka."

Huu sasa mwezi wa nane tangu siku ile. Paka wanaletwa kutoka Malindi, Shangani, mpaka Chwaka alikuja mtu na paka wake kwenye pakacha, kasikia sifa. Uwani kwetu unga wa watu umepumzika. Kwa mbwa Rukaiya anakwenda kama zamani, na kopo lake la udongo. Ukutani ametundika karatasi moja, imeandikwa kwa kalamu nene: USIMPAKE PAKA MAFUTA YA KARAFUU WALA YA NAMNA YOYOTE, NJOO UULIZE. Kiswahili nimekisahihisha mimi.

Na mimi nina cheo. Nakaa barazani, nje ya mlango, na hapiti paka kabla sijamnusa. Wiki iliyopita aliletwa mmoja mweupe, mwenyewe anaapa hakumpaka kitu. Nikamwambia mchaichai, shingoni, jana magharibi. Akabaki mdomo wazi. Rukaiya akauliza kutoka ndani, "Mjomba, nini?" Nikamjibu, na kabla sijamaliza nikasikia anafungulia maji.

Kumshika paka bado hajaniruhusu hata mmoja. Nanusa kwa mbali, mikono nyuma.